Kabla hujamtumia hela mtabiri

Dada, pole kwa mdogo wako kutojulikana alipo. Umeuliza kama huyo mtabiri wa kwenye runinga aaminiwe kwa kuwa ana jina. Jina kitu gani! Sylvia Browne, mtabiri wa Marekani, alikuwa nalo kuliko huyo. Alizaliwa 1936 Kansas City, akawa mgeni wa kila mara kwenye kipindi cha runinga cha Montel Williams, na alitoza dola mamia kwa kuongea naye kwenye simu. Mwaka 1992 alikutwa na hatia kwa udanganyifu wa hisa za mgodi wa dhahabu, wateja hawakupungua.

Mwaka 2004 mama mmoja wa Cleveland aliyepotelewa na binti alimwuliza kwenye kipindi hicho. Akajibiwa kavukavu kwamba binti ameshakufa. Mama akarudi nyumbani akiamini, akaanza kugawa vitu vya mwanawe. Alifariki 2006. Mei 2013 binti akatoroka akiwa hai kutoka nyumba alimofungiwa, mji huohuo. Browne mwenyewe alisema atafika miaka 88. Alifariki Novemba mwaka huo, ana 77.

Kwa hiyo usitume hata senti. Na usimpe picha wala majina ya ndugu, maana hayohayo ndiyo atakayokurudishia kama ufunuo. Nenda polisi, taarifa iandikwe, uchukue namba yake. Kisha zunguka hospitali. Laini ya simu aliyokuwa akiitumia mdogo wako isifungwe.