Bukari peke yake hainenepeshi

Dada, umeandika kwamba bukari, yaani ugali wetu, inapandisha insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), na insulini ndiyo inayonenepesha. Nusu yake ni kweli: ukila wanga insulini hupanda, na ikiwa juu mwili hupunguza kuchoma mafuta yake kwa saa chache. Lakini unene huja na jumla ya chakula cha siku nyingi. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, kitakwimu hakuna tofauti. Hata kupima insulini yao mwanzoni hakukuonyesha nani angefaidika na mlo upi.

Angalia sombe yetu, majani ya muhogo, hapa Lubumbashi, yale mawese mekundu yanayoelea juu. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na tunamimina vitatu, vinne bila kupima. Mimi ningeanza kwa kupunguza soda, maana haishibishi kabisa. Bukari punguza tonge tu, usiiogope. Ila kama una kisukari na unatumia dawa, zungumza na daktari kwanza, tafadhali.