Maada ya kawaida iliyopotea si maada ya giza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimesoma kwamba sehemu kubwa ya maada ya kawaida ilikuwa haijulikani iliko, na sasa imepatikana. Ndiyo ile maada ya giza? Na walijuaje kama imepungua, ilhali ulimwengu hauwekwi kwenye mizani?

JIBU: Marahaba. Hapana, ni vitu viwili mbalimbali, na habari nyingi huvichanganya. Maada ya giza hatujui hata imeundwa na nini. Hii iliyopotea ni protoni na elektroni, kama zilizomo kwenye maji unayokunywa. Maada ya kawaida yote kwa jumla ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni.

Mizani ipo, tena mbili. Moja ni deuteri, haidrojeni nzito iliyopikwa dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu: kadiri maada ya kawaida ilivyokuwa nyingi, ndivyo deuteri ilivyobaki kidogo. Nyingine ni mnururisho uliosalia tangu ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi, uliopimwa na chombo cha anga cha Planck. Zote mbili zinatoa jibu moja. Lakini ukijumlisha nyota na gesi tunayoiona, hesabu haifiki. Nyota peke yake hazifikishi hata asilimia 10 ya maada ya kawaida.

Mwaka 1999 wanaastronomia Renyue Cen na Jeremiah Ostriker walionyesha kwa kompyuta kwamba maada iliyobaki huenda ni gesi iliyo kati ya galaksi, yenye joto la nyuzi laki moja hadi milioni kumi. Shida ni wembamba wake. Ukiitandaza sawasawa maada yote ya kawaida, kontena la futi 20 lingepata protoni nane hivi. Tena haidrojeni ikishachemka hivyo hupokonywa elektroni yake, haiachi alama kwenye mwanga.

Mkombozi alitoka pasipotarajiwa: milipuko ya mawimbi ya redio ya kufumba na kufumbua itokayo galaksi za mbali, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mawimbi yote huondoka pamoja, lakini yanapopita kwenye elektroni, yale ya masafa ya chini (yenye mitetemo michache kwa sekunde) huchelewa zaidi. Masafa yakipungua nusu, ucheleweshaji huwa mara nne. Ukiupima, unajua elektroni zilizo njiani ni ngapi. Naipenda njia hii kwa kuwa haibagui: elektroni ya gesi moto au baridi, zote zinahesabiwa. Kazi ni kuitambua galaksi ulikotoka mlipuko ili kujua umbali, kisha kuondoa kwenye hesabu elektroni za galaksi hiyo na za galaksi yetu, Njia Nyeupe.

Jean-Pierre Macquart na wenzake walifanya hivyo mwaka 2020 kwa darubini ya ASKAP ya Australia, na jumla ikalingana na zile mizani. Mwaka 2025 kundi la Liam Connor lilikadiria kwamba takriban asilimia 76 ya maada ya kawaida iko kati ya galaksi.

Kwa hiyo "imepatikana" maana yake jumla imetimia. Ramani ya kuonyesha gesi hiyo imelala wapi hasa, kiasi gani kwenye nyuzi ndefu za gesi zinazounganisha galaksi na kiasi gani pembezoni mwa galaksi, bado inachorwa.