Binti yangu hataki tena kunisikia nikihubiri

*Bwana asifiwe, Shangazi. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kampala, na huwa nahubiri kwa zamu katika ibada ya Kiswahili. Likizo iliyopita niliipeleka familia Kalangala. Kwenye kivuko binti yangu wa miaka 13 alitapika, akalia, akaning'ang'ania shati akisema tunazama. Baadaye zamu yangu ikaangukia Marko 4, Yesu anapotuliza dhoruba, nikakisimulia kisa hicho. Kanisa zima lilicheka, na wazee wenzangu wakanipongeza. Sasa vijana wenzake wanamwita "Tunazama". Sauti ya mahubiri inazunguka kwenye WhatsApp. Hataki kuja ibadani, na nyumbani ananijibu kwa ndiyo na hapana tu. Mama yake anasema nimemuuza mtoto ili watu wacheke. Nao viongozi wa kambi ya vijana wameniomba nirudie mahubiri yale yale mwezi ujao. Je, nimekosea kweli? Niache kutumia habari za nyumbani? Bila mifano hiyo watu wanasinzia. – Baba, Kampala*

Ndugu yangu, Bwana asifiwe sana.

Ndiyo, umekosea. Mama watoto ameona sawasawa, ingawa neno alilotumia ni chungu. Swali lako la mifano nitalijibu, maana ni swali zuri, lakini tusikae tukijadili ufundi wa mimbari huku mtoto amejifungia chumbani. Yeye kwanza, na juma hili hili.

Mtafute akiwa peke yake, si mezani mbele ya wadogo zake. Mwambie: "Nilisimulia jambo lako bila kukuuliza, watu wakakucheka. Nimekukosea. Sitalisimulia tena." Halafu nyamaza. Wazazi wengi huharibu msamaha kwa maelezo wanayoyaongeza hapo: kwamba ilikuwa kazi ya Mungu, kwamba watu walibarikiwa, kwamba hata yeye siku moja atacheka. Usimpe zawadi siku hiyo wala usimwahidi safari nyingine, asije akadhani unanunua ukimya wake. Akijibu "sawa" akaondoka, mwache aondoke. Kijana wa miaka 13 aliyeaibishwa mbele ya rika lake hawezi kukusamehe kwa ratiba yako, hata kama wewe ni mzee wa kanisa.

Na tafadhali, usiombe msamaha huo mimbarini. Najua utashawishika, kwa sababu utaonekana mnyenyekevu. Lakini ukifanya hivyo utakuwa umemsimulia mara ya pili, na wale waliokosa ibada ya kwanza watauliza kulitokea nini. Akikuomba yeye mwenyewe useme mbele ya watu, hapo sema, kwa sentensi moja. Paulo aliwaandikia Waefeso: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu" (6:4). Mstari huo tunaupita haraka kwa sababu ule wa kwanza wa sura hiyo, wa watoto kuwatii wazazi, unatupendeza zaidi.

Ile sauti ya WhatsApp: mpigie simu msimamizi wa kila kundi ilikopita, umwombe aifute kwa wote kama bado inawezekana. Waliokwisha kuipakua wanayo, na hilo huwezi kulirudisha. Mtama umemwagika penye kuku wengi. Lakini binti akijua ulipiga simu hizo mwenyewe, bila kumtuma mama yake, atapata kitu cha kushika. Kuhusu jina la utani, zungumza faraghani na mwalimu wa vijana. Asitangaze katazo mbele ya kundi lote, kwani jina likikatazwa hadharani hukua. Awaite wale wawili watatu wanaolianzisha, mmoja mmoja. Na kama binti anataka kusali kwa muda na mama yake katika ibada ya Kiganda au ya Kiingereza, mruhusu bila kumuuliza kila Jumapili atarudi lini.

Sasa turudi kwenye mahubiri yenyewe, maana hata kama binti yako angekuwa mtoto asiyejali kuchekwa, mfano ule haukufaa. Kutoka gati la Nakiwogo, Entebbe, hadi lile la Lutoboka, Kalangala, ni safari ya saa tatu na nusu hivi. Sikio la ndani lina viungo vinavyopima mizani ya mwili. Kivuko kikiyumba, sikio linaona mwili unasogea, wakati macho yanayotazama sakafu au mgongo wa kiti yanaona umetulia. Habari hizo mbili zikigongana, tumbo linapinduka. Watoto hupatwa zaidi kuliko watu wazima. (Safari ijayo mkalishe mahali penye upepo, atazame ufuo wa mbali, asisome simu.) Kwa hiyo mtoto wako aliugua, kisha akaogopa. Wewe ukamweka mahali pa wanafunzi waliokemewa, "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Wale walikuwa watu wazima, baadhi yao wavuvi waliolijua ziwa lile tangu utoto, na walikwisha kumwona Yesu akiponya. Kutapika kwa msichana hakutuelezi lolote kuhusu imani yake.

Tena angalia Yesu aliwakemea wapi. Aliwakemea mle mle chomboni, kati yao na yeye. Habari ilifikaje kwetu, basi? Mapokeo ya kanisa, kama yalivyoandikwa na Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya 2, yanasema Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika aliyoyakumbuka Petro. Kama ndivyo, basi aibu ya chomboni, na ile nzito zaidi ya uani kwa Kuhani Mkuu jogoo alipowika, tunazijua kwa sababu mwenye aibu alizisimulia mwenyewe. Mwenye jambo ndiye mwenye ruhusa. Hiyo ndiyo kanuni ninayokuomba uishike, na nyingine nyingi zinatoka humo.

Je, uache mifano ya nyumbani? La, usiache. Kumbukumbu la Torati 6:7 inaagiza maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani". Nyumba na njia ndipo imani inapoonekana ina miguu au haina. Na waumini wako wanaosinzia si wavivu: wengine wametoka lindo la usiku, wengine wameendesha boda juma zima. Wanastahili mfano wanaoweza kuushika. Ila utengenezwe vizuri.

Anza na andiko, usianze na kisa. Hapo ndipo wahubiri wengi wa zamu wanapoteleza: kisa kitamu kinatokea likizoni, mtu anarudi nacho mjini akikitafutia mstari wa kukibeba. Andiko likivutwa kwa nguvu hivyo hulegea. Soma kifungu mara kadhaa, kisha andika kwa sentensi moja kinasema nini. Ukishindwa kuiandika, bado hujawa tayari kwa mfano wowote. Ukiipata, jiulize ni wapi jambo hilo hilo lilitokea nyumbani kwako, na lilimtokea nani. Kama lilikutokea wewe, endelea. Kama lilimtokea mwingine, muulize kwanza.

Kuuliza kuna namna yake. Usimuulize mtu mlangoni mkielekea kanisani, wala mbele ya wageni. Andika aya nzima jinsi utakavyoisema, mpe aisome siku tatu nne kabla, mwambie yuko huru kubadili au kukataa. Akisema hataki, mambo yamekwisha. Usimrudie Jumamosi jioni kwa sababu hujapata mfano mwingine. Mkeo naye aulizwe vivyo hivyo. Mtoto mdogo asiyeweza kuelewa anachokubali, kisa chake kiandike kikae. Atakapokua utamuuliza, na huenda akakisimulia vizuri kuliko wewe. Wala usikimbilie kusema "kuna msichana mmoja ninayemfahamu". Kanisa linalojua una binti mmoja wa umri huo litamgeukia papo hapo, na utakuwa umeongeza udanganyifu juu ya aibu.

Chukua mfano mmoja tuone unavyojengwa. Andiko ni Mathayo 5:37, "Maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo". Sentensi yako: ahadi ndogo ni ahadi. Baba anaipeleka familia Jinja, amewaahidi watoto gonja (ndizi) ya kuchoma katika soko la njiani la Namawojjolo. Wakifika, wachuuzi wanakimbilia madirishani na mishikaki ya kuku na maji ya chupa, baba anaona foleni, anasema, "Tutanunua Najjembe." Najjembe nayo, ndani ya msitu wa Mabira, anaipita kwa sababu anawahi. Nyuma kimya. Kisha mdogo kuliko wote anamnong'oneza dada yake, lakini kila mtu anasikia: "Baba akisema ndiyo, maana yake labda." Ishia hapo. Rudi kwenye Mathayo moja kwa moja. Usieleze gonja ni nini kiroho, usimgeuze mchuuzi kuwa shetani.

Ona kilichofanya kazi hapo. Mwenye makosa ni msimuliaji mwenyewe. Mtoto ndiye mwenye hekima, na hata hivyo ataulizwa kabla. Barabara ni ile ambayo nusu ya wasikilizaji wameipita kwa teksi, kwa hiyo hawahitaji maelezo. Na kuna maneno yaliyosemwa kweli na mtu. Maneno hayo ndiyo yatakayobaki, kwa hiyo yaandike siku hiyo hiyo. Weka daftari la shule, andika mahali, nani alikuwepo, nani alisema nini, basi. Fundisho usiliandike bado. Kisa kikikaa miezi kadhaa, utajua kama kina uzito au kilikuchekesha tu.

Urefu ni jambo linalowaangusha wengi. Kwa mahubiri ya dakika 25, kisa kisizidi dakika tatu, yaani kurasa mbili za daftari kwa mwandiko wa kawaida. Kama una mkalimani wa Kiganda, dakika tatu zitakuwa sita, hivyo kata nusu. Mkalimani aione aya yako kabla ya ibada. Wakalimani wazuri hupenda kunogesha, na mahali uliposema "aliogopa" yeye ataigiza kilio chote. Naamini hilo lilichangia kicheko cha siku ile, ingawa hukuniandikia.

Usiongeze chumvi. Kama wimbi lilikuwa la kawaida, sema lilikuwa la kawaida. Watoto wako walikuwepo, wamekaa kwenye benchi wakikusikia, na kila unapokuza kisa wanajifunza kwamba mimbarini mtu anaruhusiwa kusema uongo akiwa na nia njema. Hasara hiyo hailipiki kwa mahubiri, hata yawe mazuri kiasi gani.

Na fikiria mifuko ya wasikilizaji. Likizo ya Kalangala, hoteli ya ufukweni, mashua ya kwenda kwenye chanzo cha Nile: ukivitaja Februari, wakati wazazi wanatafuta karo ya muhula wa kwanza, wengi wataacha kukusikiliza wakaanza kupiga hesabu zako. Safari ambayo karibu kila mtu anaijua ni ya kwenda kijijini Desemba, nauli imepanda, kuku amefungwa miguu chini ya kiti, jerikeni ya mafuta inavuja kwenye begi la mtu. Humo mna uvumilivu, ukarimu, hasira na msamaha wa kutosha mahubiri ya mwaka. Kumbuka pia kwamba ibada za Kiswahili Kampala zina ndugu waliovuka mpaka kutoka Kongo kwa kukimbia. Kwao neno safari linaweza kuwa na maana ya usiku ambao hawataki kuukumbuka, kwa hiyo kivuko kilichojaa watu wanaolia si jambo la kuchekesha hata kidogo.

Imebaki kambi ya vijana. Wapigie leo, kabla hawajachapisha ratiba, uwaambie mahubiri yale hutayarudia. Huna haja ya kueleza sababu. Sema umebadili somo. Kama bado wanakutaka, wapelekee Luka 2:41-52, safari ya familia iliyopewa nafasi ndani ya Injili yenyewe: mvulana wa miaka 12, wazazi waliotembea mwendo wa kutwa wakidhani yuko kwenye msafara, siku tatu kabla ya kumpata, mama anayeuliza, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Vijana wataisikiliza bila wewe kuongeza lolote la nyumbani kwako. Kama binti yako atakuwa kambini, muulize kwanza kama anapendelea mhubiri awe mtu mwingine. Akisema ndiyo, watajie viongozi jina la mwenzako aliye tayari, na wewe usiende.