Kwenu mnaoanza kutembelea vikundi vya akiba vya kina mama: boksi kwanza, fomu baadaye

Wadogo zangu mlioingia fildi juzi, nawapenda na naona mnavyojituma kwenye jua hili, lakini nimechoka kuwaona mkirudia makosa yaleyale ya waliowatangulia, na wanaolipia makosa hayo ni kina mama, si sisi wenye mishahara. Wiki iliyopita nimemkuta mmoja wenu huko Langobaya, upande wa Malindi, kikundi hata miezi mitatu hakijafikisha, boksi jipya la kuwekea akiba, kufuli zake tatu bado zinang'aa, na yeye ashatoa fomu za mkopo kwenye begi anawaelezea habari za laki mbili. Kina mama wametulia tu wanamsikiza kwa adabu, manake mgeni hakatizwi. Nikamwita kando nikamwambia mwanangu, hizo karatasi zirudishe kwanza. Ndo sababu naandika haya.

1. Pesa ya nje isitangulie pesa yao. Huu mpango wa boksi na hisa ulianzia Maradi kule Niger mwaka 1991, shirika la misaada la CARE na wanawake wa vijijini, na msingi wake ni kwamba kikundi kinakopeshana pesa kilizoweka chenyewe, basi. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana, kila kikao mtu ananunua hisa moja mpaka tano, mwaka ukiisha mnagawana kila mtu na chake na faida yake. Mama akikopa elfu tatu akijua ndani yake mna za jirani anayechota naye maji, usingizi hauji mpaka azirudishe. Akikopa za ofisi ya mjini ambayo haijui hata mlango wake, hapo ndipo mnaanza kusikia mtoto mgonjwa, mara msiba, mara simu imezimwa. Sisemi mikopo ya nje ni mibaya, Women Enterprise Fund, ule mfuko wa serikali wa kukopesha wanawake, ipo tangu 2007 na kuna vikundi vimeitumia vikainuka kweli. Nasema wamalize mzunguko mmoja kwanza, wagawane, wazihesabu pesa zao kwa mikono yao, halafu wao wenyewe ndio waulize habari za mkopo. Wakiuliza wao, jua wameiva.

Na cheti cha usajili kitafuteni mapema kwa ile sheria ya Kenya ya kusajili vikundi vya jamii ya 2022, msingoje mpaka siku ya kufungua akaunti.

2. Daftari likipendeza sana, shtuka. Hii ntaieleza kirefu manake iliniuma na bado inaniuma.

Kulikuwa na kikundi upande wa Gede, sitakitaja, kina mama wachapakazi hasa, wengine wanashona makuti, wengine mama karanga wa kukaanga samaki, mmoja na mahamri yake kila alfajiri. Mikopo inarudi kwa wakati. Kila nikifungua vitabu naona mihuri imejaa, safu ya marejesho imenyooka, hakuna deni limelala, na sote tukawa tunakitolea mfano, vikundi vingine vikiletwa vije vijifunze pale. Kumbe kilichokuwa kinaendelea ni hivi. Mtu ana deni la elfu sita, siku imefika, hana. Anakwenda kwa mwenzake jana yake jioni anaazima elfu sita na mia sita, yaani deni na riba yake, anakuja nazo kikaoni, zinahesabiwa mbele ya watu, katibu anaandika amelipa. Dakika ishirini baadaye, ajenda ya mikopo ikifika, yuleyule ananyoosha mkono anaomba elfu sita, anapewa, na akitoka anamrudishia mwenzake na kujazia kidogo. Yaani zile pesa zilikuwa zinatembea tu, zinaingia boksini zinatoka, na kila zikipita daftari linaandika faida. Mwezi huu mmoja, mwezi ujao watatu, baadaye ikawa ndo tabia ya nusu ya kikundi, na wala hawakuwa wezi, walikuwa wanaogopa faini na kuogopa aibu.

Tulikuwa tumekaa pale pale kwenye mkeka, mimi, mwenyekiti, mweka hazina, sote tunaona jina lile lile likilipa na kukopa kikao kimoja, na hakuna aliyeuliza. Tulipendezwa na marejesho.

Siku ya mgao ikafika, mwisho wa Disemba. Waliobeba funguo tatu wakafungua, pesa zikamwagwa juu ya leso, wakaanza kuhesabu, noti za hamsini huku, za mia mbili huku, sarafu zinapangwa mafungu mafungu. Daftari linasema kuna pesa nyingi. Leso haikufika hata nusu. Wakahesabu tena. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa anaongea. Zilizobaki zote ziko nje, mikononi mwa watu ambao wenyewe wamekaa hapo wanangoja mgao, na hawana.

Mle ndani mlikuwa na bibi mmoja wa makuti ambaye mwaka mzima hakukopa hata shilingi. Alikuwa ananunua hisa zake tatu za hamsini kila wiki bila kukosa, pesa amezifunga kwenye pindo la leso, anafungua fundo polepole, anatoa mia na hamsini. Hizo kwa mwaka ni zaidi ya elfu saba, mbali na faida. Alikuwa na mjukuu aliyeitwa Fomu Wani na alikuwa amemwahidi sanduku, godoro na sare. Alipewa alichopewa, akasema haya, Mungu yupo, akainuka. Hakumlaumu mtu. Yule mtoto aliripoti shule wenzake washasoma wiki kadhaa, na kikundi kilichukua muda mrefu sana kurudisha watu kukaa mkeka mmoja, wengine hawakurudi tena.

Kwa hivyo sikizeni. Anayelipa leo asikope kikao hichohicho, angoje kikao kinachofuata. Hakuna mkopo mpya ukibaki mwezi mmoja na kidogo kufika mgao, na madeni yote yawe ndani kabla ya siku hiyo, la hakuna tarehe ya mgao. Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mtu. Na ukikagua usitazame daftari peke yake, mwambie mweka hazina amwage pesa, zihesabiwe mbele ya kila mtu, jumla isomwe kwa sauti, na kikao kijacho kianze kwa mtu kuikumbuka ile jumla bila kufungua kitabu. Hata wasiojua kusoma wanaikumbuka, wao hasa ndio huikumbuka.

3. Tarehe za kulipa zifuate msimu, si kalenda ya ofisi. Kusi likivuma bahari imechafuka, vyombo haviendi mbali, mama karanga atakaanga nini? Aprili mpaka Juni mahoteli ya Malindi yamelala na aliyekuwa anafua nguo au anauza mboga huko amekaa nyumbani. Halafu wewe umempa mkopo Machi alipe Juni! Muulize kwanza pesa huingia lini kwake, ndipo muandike.

4. Habari ya riba. Ukienda Mambrui au ukivuka ng'ambo ya Lamu, usiingie na katiba yako iliyochapwa yenye asilimia 10 kwa mwezi ukawaambia ndo utaratibu. Wengi ni Waislamu na riba hawaitaki, wana haki, hata kama wengine watanyamaza kwa kukuheshimu na kisha wasirudi wiki ya pili. Kuna vikundi vinakopeshana bila nyongeza kabisa, na vingine vinanunua bidhaa kwa jumla, mchele, mafuta, vinauza na kugawana faida. Waache waulize maustadhi wao, wewe kazi yako ni hesabu.

5. Msiwaahidi utajiri. Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Ghana, Malawi na Uganda, ukatoka 2017, ukaona wanawake waliofikiwa na vikundi hivi wanaweka akiba zaidi, biashara zao zinapata nguvu na sauti yao nyumbani inasikika, lakini matumizi ya nyumba kwa wastani hayakupanda. Msiufiche huo, waambieni. Kinachobadilika nimekiona mimi hapa: mtoto akishikwa na homa usiku, mama hauzi tena kuku wa mayai kwa bei ya kutupa, anagonga kwa mwenye mfuko wa jamii, zile pesa za kikundi za kusaidiana wakati wa shida, anapata nauli ya kwenda hospitali. Mabati badala ya makuti huja baadaye, kwa wengine yanachelewa sana.

6. Funguo tatu zisilale nyumba moja na boksi. Wala kwa ndugu. Juzi nimekuta kikundi ufunguo wa pili uko kwa mkaza mwana wa anayeweka boksi, nyumba ni hiyo hiyo moja, nikauliza nani kapanga hivi, wakaniambia ni kijana wenu wa ofisi. Wewe unajijua. Rudi huko Alhamisi, wabadilishe mbele ya kikao, na umwombe radhi mama mkwe.