Jibu: Wakurugenzi wawili katika shirika la afya ya mama na mtoto, itawezekana?

Mleta uzi, umesema bodi ya shirika lenu dogo huko Bungoma, linalosaidia wodi za kujifungulia katika zahanati na vituo vya afya, inataka kuweka wakurugenzi wawili: mmoja mkunga, mwingine mtu wa fedha. Umeuliza kama itakwenda ama mtaishia kortini. Naona wadau watatu wameshakujibu kwa methali ileile, mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mimi ni Mwisukha wa Kakamega. Kwetu mafahali wawili tunawatafuta kwa makusudi, tunawapeleka uwanjani wapigane asubuhi na mapema, na ngoma za isukuti nyuma yao, na kijiji kizima kinatoka kutazama. Kwa hiyo methali hiyo hainitishi. Tena nimekuwa fahali mmoja wa namna hiyo tangu Januari 2018 hadi mwaka 2025, katika shirika la ukubwa kama wenu, Kakamega na Vihiga. Mimi mkunga. Mwenzangu alikuwa mhasibu, mtu wa Njoro kule Nakuru. Nitamwita Mhasibu tu, maana hataki jina lake litembee mitandaoni.

Inawezekana. Ila nakuonya mapema: jambo ambalo bodi yenu italiweka ili kuleta amani, ndilo litakalowaumiza akina mama. Ngoja nieleze.

Sisi tuliwekwa wawili baada ya mgomo wa wauguzi wa 2017, ule uliokwenda takriban miezi mitano. Mkurugenzi wa awali aliondoka, wodi zilikuwa zimefungwa, na bodi ikaona haiwezi tena kumtegemea mtu mmoja. Kwa kuogopa tusije tukazungukana, wakaandika kwamba kila senti itoke kwa sahihi mbili. Kila senti. Tukashukuru, tukapiga picha, tukala chapati na kuku.

Mwaka uliofuata, nikipitia rejista ya leba ya kituo kimoja cha afya, nikaona akina mama watano waliovuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua ndani ya mwezi mmoja. Pale nilizoea kuona mmoja, wakizidi wawili. Wote watano walipona, Mungu ni mwema, ingawa wawili walipelekwa hospitali ya rufaa usiku na mmoja akatolewa kizazi. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi nikafanya ambalo mkunga mzoefu hufanya, nikashuku mikono. Nikamwita sista wa zamu, nikamwuliza kama bado anakumbuka kuchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isivuje, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, na nilimwuliza kwa sauti ambayo najuta hadi leo. Alisema, 'Nachoma, lakini mfuko wa uzazi haukazi.' Sikumsikia.

Wiki hiyohiyo Mhasibu alikuwa akipanga risiti za tokeni za stima, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tukiwalipia. Akageuka kwenye kiti, akaniuliza, 'Sista, hawa watu hununua tokeni kila baada ya siku tano hivi. Mbona mwezi huu kuna pengo la wiki mbili?'

Tumbo lilinikaza. Chanjo za kituo kile zilikuwa na friji yake ya sola, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Oksitosini ilikaa kwenye kifriji kidogo cha wodi, kinachotumia stima. Dawa hiyo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu polepole, na haibadiliki rangi wala harufu. Unamchoma mama ukiamini umemkinga, kumbe umempa nusu ya ulichodhani. Sitadai kifriji kile ndicho sababu peke yake, damu ina sababu nyingi. Lakini tulipotupa zile chupa, tukaleta nyingine na kuhamishia dawa kwenye friji ya sola, rejista ilirudi kama zamani. Sista yule nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Alikubali, ila kwa muda mrefu aliniita 'madamu' badala ya 'dada'.

Sasa uliza, tokeni zilikosa kununuliwa kwa nini? Fomu ilikuwa na sahihi moja. Ya Mhasibu. Ilikuwa mezani kwangu chini ya ripoti ya mfadhili, ikingoja yangu, na mimi nilikuwa Kisumu kwenye warsha ya siku nne ya 'kuimarisha uongozi'.

Nimekaa sana kwenye hilo kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yanayovutana. Bila watu wawili, rejista ya leba na risiti za tokeni zisingekutana kamwe kwenye meza moja. Mimi nisingesoma risiti, yeye asingefungua rejista. Lakini pengo lenyewe lililetwa na huo uwili wetu. Kwa hiyo tulirudi kwa bodi tukaomba kitu kilichowashangaza: tuongoze wawili, lakini sahihi iwe ya mmoja. Mambo ya kitandani, yaani dawa, stima, mafuta ya ambulensi, damu ya kufuatwa Kisumu, anaweka sahihi yeyote aliye karibu na simu, mwenzake anasoma baadaye. Mambo ya kuajiri, majengo na mikataba ya mwaka, wote wawili. Mwenyekiti alipinga miezi mitatu. Tulipomweleza kuhusu yule mama wa miaka ishirini na minne aliacha kupinga.

Kugombana mtagombana, msidanganyane. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa 2021. Mfadhili alitaka kutupa mashine za kutunzia watoto njiti joto, zile inkubeta, na mimi nikazitamani kama mtoto anavyotamani mandazi. Mhasibu akaanza maswali yake: stima ikipotea? Kipuri kikivunjika kinatoka wapi? Fundi analipwa na nani mwaka wa pili? Nikamwambia anaongea kama mtu ambaye hajawahi kushika mtoto wa kilo moja na nusu. Tulikaa siku tatu tukisalimiana tu.

Siku ya nne nikapanda matatu peke yangu nikaenda hospitali moja, sitaitaja, nikaomba nionyeshwe stoo. Hospitali ilikuwa na inkubeta nne, tatu zimelala humo stoo. Iliyofanya kazi ni moja, iko wodini, na ndani yake wamelazwa watoto wawili pamoja. Nilirudi nikamwambia umeshinda, usinicheke. Hakucheka, hilo nampa heko. Pesa zile tuliomba zibadilishwe, tukanunua viti vya kuegemea, shuka za kufungia, kofia za sufi na mapazia, tukafundisha akina mama kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi. Mbinu hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokosa inkubeta za kutosha. Yaani ilizaliwa na shida kama yetu. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi mama wakwe, waliodhani mtoto anabanwa pumzi. Wababa walikuja haraka kuliko tulivyotegemea. Mmoja kutoka Malava alikuwa akija na redio yake kila jioni, anafungua shati, anampokea mkewe mtoto ili naye alale, na anasikiliza mpira kwa sauti ya chini kabisa.

Lakini msifikiri mtu wa fedha ndiye mwenye haki siku zote, maana bodi hupenda kusikia hivyo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: ukimwekea mama chini ya makalio plastiki yenye mfuko wa vipimo, ukaona damu imefika wapi badala ya kukisia kwa jicho, halafu ukatoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja, kuvuja damu kukali kunapungua kwa asilimia 60. Mhasibu aliona ni takataka ya plastiki ya kutupwa kila siku, tena ya kununuliwa upya kila mwezi. Nilimpeleka wodini usiku. Nikamwaga maji yenye rangi kwenye shuka, nikamwambia akisie ni kiasi gani. Alisema mililita 200. Zilikuwa 500. Asubuhi aliandika bajeti mwenyewe.

Ndiyo maana nasema mhasibu wenu alale wodini angalau usiku mmoja kila mwezi, na wewe mkunga, kama ndiwe, ukae na vitabu vya pesa. Siku hizi akina mama wanafika. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha 82 katika kila 100 wanajifungulia kituoni, ilhali 2014 walikuwa 61. Zamani tulikuwa tukizungumzia njia mbovu na bodaboda. Sasa wanafika, na swali ni wanakuta nini kitandani. Hilo hulioni ukiwa ofisini na hulioni kwenye warsha.

Mmoja hapo juu amesema haijawahi kufanyika. Imefanyika. Jacaranda Health, wale wenye huduma ya PROMPTS ya kujibu maswali ya wajawazito kwa ujumbe mfupi, wameongozwa na wakurugenzi wawili kwa pamoja, Cynthia Kahumbura na Sathy Rajasekharan. Na shirika la afya la Lwala kule Migori lilianzishwa na ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', zahanati yao ikafunguliwa 2007. Ndugu wa damu ni habari nyingine lakini, hao walizoea kugombana tangu wakiwa na meno ya utoto. Upande wa pili, kuna KMET, shirika la afya la Kisumu, iliyoanzishwa na Monica Oguttu, muuguzi na mkunga, akaiongoza kwa miaka mingi. Kwa hiyo kichwa kimoja nacho hufanya kazi kikiwa kichwa kizuri. Pale nilipoona uwili ukifa kabisa ni pale mmoja ndiye mwanzilishi. Wafanyakazi watamwita 'mkurugenzi' na yule mwingine watamwita kwa jina. Kama kwenu yuko mwanzilishi, mpeni kiti kwenye bodi kwanza, halafu ndipo mchague wawili.

Wafanyakazi nao watawajaribu kama watoto: akinyimwa ruhusa na baba anakwenda kwa mama. Dereva wetu alipata likizo mbili za mazishi ya shangazi mmoja. Tulicheka, kisha tukakubaliana kwamba aliyeulizwa kwanza ndiye anayejibu, na jibu lake linabaki hata kama ni baya.

Kilichotupima kweli ni Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa. Sisi hatukuwa tukipokea moja kwa moja, ila mfadhili wetu alikuwa akipokea, na barua ikafika. Wakati huo tayari hospitali zilikuwa zikihangaika na mabadiliko ya SHA, bima mpya ya afya ya serikali, tangu Oktoba 2024, Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bila malipo, imekuwa Linda Jamii, madai hayalipwi kwa wakati, mama anafika leba hajasajiliwa. Mhasibu alijua mambo hayo ya madai kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, akakaa wiki mbili na makarani wa vituo wakisajili akina mama kliniki badala ya kungoja uchungu uanze. Mimi nikachukua lile ambalo hakuliweza, kuwaita wakunga wetu walezi sita, wale wanaowaelekeza wenzao vituoni, na kuwaambia wanne tunawaachisha. Tulikuwa tumekata mishahara yetu miwili wiki iliyotangulia, na niliwaambia hivyo, na bado mmoja aliondoka bila kunipa mkono. Peke yangu ningeficha ile barua kwa mwezi mzima, najijua. Yeye peke yake angewatumia ujumbe wa WhatsApp.

Umeuliza pia kuhusu mishahara. Msilipe watu wawili mshahara mzima wa mkurugenzi kila mmoja, shirika dogo halitabeba. Sisi kila mmoja alilipwa kama meneja, na kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kawaida: mimi nikilea wakunga, yeye akishika vitabu. Mkikosa kuelewana, mpeni mwenyekiti siku tatu aamue. Tulimwita mara mbili tu katika miaka saba, na mara zote mbili ilikuwa kuhusu gari.

La mwisho, umesema mmepata ofisi yenye vyumba viwili karibu na stendi. Chukueni, lakini wote wawili mkae chumba kimoja, meza zitazamane. Cha pili wekeni stoo. Ile siku ya tokeni, kama Mhasibu angekuwa chumba cha pili, angeniandikia barua pepe, nami ningeifungua nikirudi kutoka warsha nyingine.