Do-mi-so, mi-so-do: toa gitaa lako kwenye kivuli cha kinanda

Msomaji wa Kondele anauliza mbona gitaa lake halisikiki kanisani kinanda kikianza. Ni kwa sababu wote wawili mnapiga C ileile, mahali palepale. Mwachie mpiga besi sauti nzito. Wewe chukua nyuzi 3 nyembamba tu; uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko zote.

Kordi ya C ni do-mi-so; mwanakwaya yeyote anaijua. Ukianzia mi unapata mi-so-do, ukianzia so unapata so-do-mi. Kordi ni ileile, ila sauti iliyokaa chini imebadilika. Huo ndio mgeuzo. Kuanzia uzi wa tatu kwenda wa kwanza, freti zake (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ni 5-5-3, kisha 9-8-8, kisha 12-13-12. Tafadhali usikariri maumbo matupu: imba kila sauti unapoibonyeza, ujue mi iko chini ya kidole gani. Ukiirudisha mi freti moja nyuma, umepata C maina (minor).

Sasa penye utamu. Anza C, 5-5-3: kidole cha kati uzi wa tatu, cha pete uzi wa pili, cha shahada uzi wa kwanza. F ni 5-6-5, yaani umbo la D ya kawaida lililosogezwa freti 3 mbele. Sauti ya uzi wa tatu haikuhama. G ni 4-3-3, shahada ikilalia nyuzi mbili. Kurudi C, shahada inabaki freti ya 3, cha kati kinateleza hadi 5, cha pete kinashuka kando yake. Benga nyingi huzunguka kordi 3 za namna hii, na kwa mwendo wake mkono unaorukaruka utachelewa tu. Anza na mapigo 60 kwa dakika, mapigo 4 kila kordi.

Ikisikika chafu, mara nyingi umegusa uzi wa nne: ile D yake wazi, yaani usipoubonyeza, haimo kwenye C. Uzime kwa ncha ya kidole cha kati. Na usihamishe maumbo haya kwenye nyuzi 4-3-2 bila kuyabadilisha, maana kutoka uzi wa tatu (G) hadi wa pili (B) ni freti 4, si 5 kama kwingine. Huko so-do-mi ni 5-5-5.

Kinanda kikikaa hapo, panda: C 9-8-8, F 10-10-8, G 7-8-7. Sikiliza uzi wa kwanza ukitoka C kwenda F: do haisogei.