Defragi tangu jana jioni, mpaka sa hivi bado asilimia 5

SWALI: Fundi habari za kazi, shikamoo kama umenizidi umri. Mi nina steshenari ndogo hapa Ifakara, natumia kompyuta ya mezani ya Windows 7, ramu 2GB, diski 160GB, niliinunua used mwaka 2015 na ndo imenilisha mpaka leo. Siku hizi imekuwa nzito balaa, mteja akitaka kuprinti karatasi moja inabidi tupige stori kwanza ndo faili lifunguke. Kijana mmoja wa hapa mtaani akaniambia mafaili yamesambaa kwenye diski, nifanye defragi, yaani kuyapanga vipande vyake vikae pamoja. Nimeiwasha jana saa 12 jioni nikafunga duka, nimekuja leo saa 2 asubuhi naikuta inasoma Pass 5, asilimia 5. Wiki iliyopita nilijaribu pia umeme ukakatika katikati. Kuna namna ya kuiharakisha? Na nikiikatisha si nitaua diski? Nafasi iliyobaki ni 7GB.
– Mwenye steshenari, Ifakara

JIBU: Marahaba, ingawa sina uhakika nani mkubwa hapa. Hiyo 7GB uliyoitupia mwishoni kabisa ndo ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza, manake ndo ugonjwa wenyewe, au nusu yake.

Fikiria chumba kimoja cha kupanga, ndani kuna kitanda, kabati, jiko la gesi, gunia la mkaa na pikipiki, alafu mtu anakwambia panga upya bila kutoa kitu nje. Ukitaka kusogeza kitanda utoe kwanza gunia, gunia uliweke wapi, juu ya pikipiki, sasa pikipiki nayo inatakiwa ihame. Utahamisha kitu kimoja mara nne ndo kifike kwake. Defragi ndo inafanya hivyo hivyo na 7GB zako, na hizo Pass unazoziona zinaongezeka ni mizunguko, inarudi tena na tena inatafuta upenyo. Diski yako japo imeandikwa 160GB, Windows inaihesabu kama 149 hivi, na ili defragi ipumue inataka kama asilimia 15 iwe wazi, yaani karibu 22GB.

Kuikatisha hakuui kitu, bonyeza Stop sasa hivi. Inapohamisha kipande haiachii cha zamani mpaka kipya kikae sawa. Umeme kukatika ghafla ni habari nyingine, hapo diski inaweza kuumia bila hata kufanya defragi, kwa hiyo tafuta UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hata kuukuu.

Ila kabla hujafuta hata faili moja naomba kitu kimoja, na hapa ndo mafundi wengi wanaruka alafu mteja analia. Pima afya ya diski. Daunlodi CrystalDiskInfo, ni ya bure, ifungue tu. Ikiwa ya bluu na imeandika Good, endelea. Ikiwa ya njano, Caution, angalia mistari ya 05 na C5. Ya 05 ni sehemu za diski zilizokufa zikahamishiwa kwenye akiba, C5 ni zile zinazosomeka kwa shida na bado zinasubiri hukumu. Namba zikiwa zinapanda leo na kesho, usifanye defragi kabisa, narudia, usifanye, manake kila ikifika sehemu mbovu inajaribu kusoma, inashindwa, inarudia, kompyuta nzima inaganda, na huko ndo saa zako 14 zinakokwenda. We kopi kazi za wateja zote kwenye diski ya nje alafu utafute diski nyingine. Na ukiisikia inagonga kta, kta, kta, usisubiri hata hiyo programu.

Haya, tuseme ni nzima. Sasa fanya usafi. Bonyeza Windows na R, andika cleanmgr, chagua C, futa takataka zote pamoja na jalala la mafaili yaliyofutwa. Rudia tena Windows na R, andika %temp%, futa vyote humo, vitakavyokataa viache. Alafu fungua ile programu ya cmd, ni dirisha jeusi la kuandika amri, kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, andika powercfg -h off. Hiyo inafuta faili moja la kulazia kompyuta ambalo kwenye Windows 7 linakula kama robo tatu ya ramu, kwako ni 1.5GB, na kompyuta ya mezani ya dukani hailazwi, inazimwa. Muvi na miziki hamishia nje, najua zipo, kila steshenari ninayoingia zipo. Vitambulisho na sivii za watu mlizoskani miaka yote hiyo navyo vitoe, tena vya watu wengine havitakiwi hata kukaa hapo.

Hayo mafaili madogo madogo ndo yanachosha diski kuliko muvi. Diski ya mezani ya kawaida inazunguka mara 7200 kwa dakika na kile kichwa kinachosoma kinaruka huku na huku, kila mruko ni kama milisekunde 13 ukijumlisha na kusubiri sahani izunguke, kwa hiyo kwa sekunde unapata miruko 70 mpaka 80 hivi, basi. Sasa piga hesabu ya mafaili laki mbili, na kila moja inabidi lisomwe, liandikwe, na kumbukumbu yake irekebishwe.

Ukishapata hizo 20GB na ushee, restati, chomoa intaneti, ndo uzime antivairasi kwa muda (kwa mpangilio huo huo, sio kinyume), manake inachungulia kila faili linaloguswa. Usifungue chochote. Rudi kwenye lile dirisha jeusi uandike defrag c: /a, hiyo inapima tu. Ikikwambia chini ya asilimia 10 achana nayo, uzito unatoka kwingine. Ikizidi, andika defrag c: /h /u /v. Siri iko kwenye hiyo /h, kwa kawaida Windows 7 inaiendesha defragi kwa unyonge, inapisha programu zingine zote, /h inaiambia ifanye kazi kama wengine. /u inakuonesha imefika wapi ili usikae unabahatisha, na /v inakupa maelezo marefu zaidi.

Na usiwe na tamaa ya kufika sifuri. Windows 7 yenyewe ikikuta kipande kina zaidi ya 64MB inakiacha kilipo, manake kichwa kikishasoma kipande kikubwa hivyo mruko mmoja hauna hasara yoyote.

Jambo la mwisho, ratiba yake ya kiwandani ni Jumatano saa 7 usiku, we saa hiyo umelala na kompyuta imezimwa. Bonyeza Windows na R, andika dfrgui, ibadilishe iwe siku na saa duka liko wazi ila wateja hamna. Na kama baada ya yote hayo bado nzito, basi ni hiyo ramu 2GB, ongeza zifike 4.

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Hapa skuli kwetu Unguja tuna kompyuta ya Windows XP, Pentium 4, diski 40GB na nusu yake iko tupu, tunaandikia mitihani tu. Defragi kutwa nzima haijafika popote, na hata tukikopi picha mausi yenyewe inagandaganda. CrystalDiskInfo inasema nzima.
– Karani

JIBU: Waalaykum salaam. Hiyo mausi kuganda imekuchongea, defragi haina kosa hapo. XP ina tabia moja mbaya, mawasiliano na diski yakikwama zaidi ya mara 6 inaamua diski haiaminiki na kuishusha kwenye njia ya zamani inayoitwa PIO, ambayo mwisho wake ni kama 16MB kwa sekunde na kila baiti inapita mkononi mwa prosesa. Ikishashuka hairudi juu yenyewe, hata hiyo hitilafu iwe ilitokea miaka 5 iliyopita.

Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua IDE ATA/ATAPI controllers, bofya mara mbili Primary IDE Channel, nenda Advanced Settings. Ukikuta PIO badala ya Ultra DMA, ambayo ndo njia ya kasi, rudi nyuma, bofya kulia hiyo hiyo Primary IDE Channel, chagua Uninstall, restati. Usiogope, itajitambua ikiwaka, pengine itaomba urestati tena. Ikishuka tena baada ya siku chache badili ule utepe unaoenda kwenye diski, chukua wenye nyaya 80, ule wa nyaya 40 hauvuki 33MB kwa sekunde. Na intaneti msiipe kabisa hiyo kompyuta, XP iliachwa kurekebishwa tangu tarehe 8 Aprili 2014.

SWALI: Niaje fundi, nko Mombasa. Laptopu yangu nshaitoa hadidiski nkaweka SSD, ile diski isiyo na sahani ya kuzunguka, Windows 10. Nikifungua dfrgui naona bado inataka kuoptimaizi. Niiwachilie ama itaharibu SSD?

JIBU: Poa kaka. Iwachilie. Ikiwa imeandika Solid state drive, kwa kawaida hiyo si defragi ya kuhamisha mafaili, inaiambia SSD tu sehemu zipi ziko tupu, na huchukua sekunde chache. Ikiwa imeandika Hard disk drive na ndani ni SSD, hapo Windows imechanganyikiwa, kawaida ni ukikopi diski ya zamani nzima nzima. Fungua dirisha jeusi kama administrator, chomeka chaja, andika winsat formal, ikimaliza angalia tena. Na zile programu za defragi ulizokuwa nazo zamani zitoe, SSD haina kichwa cha kurukaruka, zitaimaliza kwa kuandika bure.